Maiki ya chumba cha mkutano: kutoka kaboni ya 1877 hadi mabati ya Kibera

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, na safari hii sababu si programu iliyogoma. Ni maikrofoni. Niliombwa kazi ndogo, ya Jumamosi moja kama nilivyodhani, ikanila miezi miwili na usingizi mwingi, na njiani nikajikuta nasoma historia ya vitu ambavyo sikuwahi kuvifikiria. Leo nawaletea historia hiyo, maana bila kuisoma nisingejua nilikosea wapi.

Kisa chenyewe ni hiki. Kuna shirika dogo ninalolitengenezea mfumo wa kutunza orodha za wanachama na akiba zao. Lina ofisi mbili: moja iko Kibera, upande wa Makina, nyingine iko Kawangware, si mbali na steji ya matatu za 46. Ukiangalia ramani ni kilomita chache tu, lakini anayeifahamu Ngong Road saa kumi na moja jioni anajua kwamba ramani hudanganya. Tangu 2020, korona ilipotufungia majumbani, ofisi hizi zimekuwa zikikutana kwa Zoom kila Jumanne, na hata baada ya korona kupoa desturi imebaki, kwa sababu nauli ni nauli. Mwaka jana waliniuliza wanunue kifaa gani cha sauti. Huku kwetu mtu wa kompyuta ni mtu wa kompyuta: ukijua kuandika programu, basi unajua printa, unajua king'amuzi cha televisheni, na unajua maikrofoni. Sikukataa. Nikasoma maoni mawili matatu mtandaoni, nikachagua kile kifaa cha mviringo kinachokaa katikati ya meza, chenye maiki kadhaa na spika ndani yake. Wakanunua viwili. Bei sitaitaja, ila ilinikaa rohoni baadaye.

Wiki chache zikapita, katibu akanitumia kumbukumbu za mkutano nizihifadhi kwenye mfumo. Mjadala ulihusu mfuko wa dharura ambao vikundi vya akina mama wa Kibera huchangia kwa ajili ya wale walioungukiwa na nyumba. Aliyewahi kukaa Kibera anajua moto ukishika mbao na mabati hauna simile. Pendekezo lilikuwa sehemu ya fedha hizo ilipe deni la kodi ya ofisi. Mweka hazina wa vikundi, mama wa makamo anayezijua hesabu zake kwa kichwa, alisimama upande wa Kibera akapinga. Alizungumza dakika sita. Kwenye kumbukumbu, zilizoandikwa Kawangware, mchango wake ni mstari mmoja: "Mweka hazina alichangia (haisikiki)." Mstari unaofuata unasema pendekezo lilipitishwa.

Nikampigia katibu. "Dada, haisikiki vipi na kifaa ni kipya?" Akanijibu kwamba siku hiyo mvua ilinyesha. Basi. Hakulaumu mtu, na hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi, kwa sababu kifaa nilikichagua mimi.

Tuanze na neno lenyewe, maana Kiswahili kimetutega hapa. Kipaza sauti ni nini? Mwulize muumini wa kanisa la Kawangware, atakuonyesha kile anachoshika mhubiri. Mwulize jirani wa msikiti, atakuonyesha kile kilichofungwa juu ya mnara. Wote wako sawa. Na ajabu ni kwamba hata fizikia inawaunga mkono. Fungua maiki ya kawaida ya mkononi: utakuta kiwambo, waya mwembamba uliosokotwa, na sumaku. Fungua spika: kiwambo, waya uliosokotwa, sumaku. Sauti ikisukuma kiwambo, umeme unatoka. Umeme ukiingia, kiwambo kinasukuma hewa. Intakomu nyingi za zamani zilitumia spika hiyo hiyo moja kusema na kusikiliza. Kwa hiyo waliokiita vyote viwili jina moja hawakukosea. Shida ni kwamba katika chumba cha mkutano vipaza sauti hivi viwili husikilizana wenyewe kwa wenyewe, na nitarudi hapo. Kwa leo, kinachosikiliza nitakiita maiki na kinachosema nitakiita spika. (Spika wa Bunge atanisamehe, ingawa yeye pia kazi yake ni kuamua maiki ya nani isikike.)

Alexander Graham Bell alipofaulu kupitisha maneno kwenye waya mwezi Machi 1876, alitumia chombo chenye maji yaliyotiwa asidi. Hakuna ofisi ambayo ingekubali kitu hicho mezani. Mwaka uliofuata, 1877, Emile Berliner na Thomas Edison, kila mmoja kivyake huko Marekani, walifikia wazo la kupitisha umeme kwenye vitu viwili vinavyogusana kwa ulegevu. Sauti ikivibana, umeme unapita kwa wingi, ikiviachia, unapungua. Edison alitumia kaboni, yaani ndugu wa makaa. Mwaka 1878 David Hughes akaonyesha jambo kama hilo London, akakiita chombo chake maikrofoni. Baadaye zikaja punje za kaboni ndani ya kikopo kidogo, na kikopo hicho kikawa maiki ya simu duniani kote kwa karibu miaka mia moja. Wale wa umri wangu na zaidi waliopanga foleni kwenye vibanda vya simu mjini Nairobi watakumbuka: sauti ikififia, unakigonga kile kishikio kwenye kiganja, inarudi. Haukuwa ushirikina. Punje zilikuwa zimegandamana, na ukigonga zinaachana.

Sasa angalieni jambo moja. Maiki ile ilikuwa mbovu. Ilikwaruza, ilikata sauti nzito na nyembamba, ilikuwa na kelele yake yenyewe. Lakini ilikuwa sentimita chache kutoka mdomoni. Watu walipashana habari za misiba kwa kitu kile, walichumbiana kwa kitu kile, na walisikika.

Baada ya hapo wahandisi walishughulikia ubora. Mwaka 1916 E. C. Wente, wa maabara ya Western Electric, alitengeneza maiki ya kapasita, ambamo kiwambo chembamba sana kinatikisika mbele ya bamba la chuma, na uwezo wa kuhifadhi chaji unabadilika kufuata sauti. Hiyo ndiyo iliyoifungulia njia redio yenye sauti safi. Nairobi nayo ilianza kutangaza mwishoni mwa miaka ya 1920, kwa Kiingereza, kwa walowezi. Waafrika walisubiri hadi vita vya pili vya dunia ndipo matangazo kwa lugha zao yakashika mizizi, kwa sababu familia za askari zilihitaji kupewa habari. Mwaka 1964 kituo kikawa Sauti ya Kenya, na mwaka 1989 kikawa KBC tena. Kisha, mwaka 1962, James West na Gerhard Sessler wa Bell Labs wakabuni maiki ya elektreti: plastiki nyembamba iliyotiwa chaji ikabaki nayo kwa miaka mingi, kwa hiyo haihitaji umeme mkubwa wa kuichaji. West ni Mmarekani mweusi aliyezaliwa Virginia mwaka 1931, na nashangaa sikufundishwa jina lake popote, ilhali kazi yake imekuwa mfukoni mwangu maisha yangu yote. Elektreti ikaifanya maiki nzuri kuwa kitu cha shilingi chache. Leo simu zetu zina maiki za silikoni, ndogo kuliko punje ya mchele, zinazochongwa kama tunavyochonga chipu za kompyuta.

Maana ya hayo yote kwa mnunuzi ni kwamba ubora wa maiki yenyewe si tatizo tena. Kifaa changu cha mviringo kilikuwa na maiki nzuri kabisa ndani yake. Tatizo lilikuwa umbali na chumba, na historia ya mambo hayo mawili imeenda njia yake peke yake.

Mwaka 1895 Chuo Kikuu cha Harvard kilikuwa na ukumbi mpya wa mihadhara ambao haukutumika, kwa kuwa neno likitamkwa lilibaki likizunguka ukumbini kwa zaidi ya sekunde 5, juu ya maneno mengine yanayofuata. Kazi ya kuurekebisha akapewa mwalimu kijana wa fizikia, Wallace Sabine. Alifanya nini? Usiku, mji ukiwa umetulia, yeye na wasaidizi wake walibeba mito ya viti kutoka ukumbi wa maigizo wa jirani, wakaipanga, wakapiga filimbi ya kinanda, wakapima kwa saa sauti inachukua muda gani kufa. Kabla ya asubuhi mito inarudishwa. Mito mingi zaidi, mvumo mfupi zaidi. Kutokana na mito hiyo akapata kanuni ambayo bado tunaitumia: muda wa mvumo kwa sekunde ni 0.161 mara ujazo wa chumba kwa mita za ujazo, gawa kwa jumla ya eneo linalomeza sauti kwa mita za mraba.

Nikaipeleka kanuni hiyo Kawangware. Ofisi ya huko iko ghorofa ya tatu ya jengo la mawe: sakafu ya vigae, dari ya zege, plasta, madirisha ya vioo. Chumba ni mita 6 kwa 5, kimo mita 2.7, yaani mita za ujazo 81. Vitu vigumu namna hiyo humeza kama asilimia 5 tu ya sauti, kwa hiyo chumba kitupu kina mvumo wa zaidi ya sekunde 2. Watu kumi wakikaa (sisi binadamu tunameza sauti vizuri, nguo na nyama zetu) unashuka hadi kama sekunde 1.3. Kutoka hapo unaweza kukokotoa umbali ambao mvumo wa chumba unalingana na sauti inayotoka moja kwa moja mdomoni. Kwa maiki inayosikia pande zote, jibu nililopata ni sentimita 45. Kifaa changu cha katikati ya meza kilikuwa mita 2 kutoka kwa mtu wa pembeni. Kwa umbali huo, mvumo ni karibu mara 20 ya sauti yenyewe. Nilinunua kifaa cha kusikilizia kuta.

Kibera ni hadithi tofauti, na ndiyo sababu vifaa viwili vya aina moja vilikuwa kosa tangu mwanzo. Kule kuta ni mbao na ubao laini wenye mabango, paa ni mabati, na kuna mianya chini ya paa. Mvumo si mkubwa; sauti inapotea nje. Lakini mianya inayotoa sauti ndiyo inayoingiza. Kuna fundi wa kuchomelea vyuma nyuma ya ukuta, kuna kwaya inayofanya mazoezi, kuna gari moshi linalopita katikati ya mtaa kama lilivyopita tangu enzi ya mkoloni, kuna watoto. Nilikaa pale mchana mmoja na programu ya simu ya kupimia kelele (si kipimo cha kuaminika sana, lakini kinatosha). Bila mvua ilionyesha kama desibeli 62. Mvua ilipoanza kupiga mabati ikapita 80.

Mtu akizungumza kawaida, sauti yake umbali wa mita 1 ni kama desibeli 60. Umbali ukizidishwa mara mbili, inapungua desibeli 6. Kwa hiyo kwenye mita 2 yule mama alikuwa desibeli 54 ndani ya kelele ya 80. Hakuna uchawi wa kompyuta unaoweza kuokota sauti hiyo. Lakini geuza hesabu upande wa pili: ukiisogeza maiki kutoka mita 1 hadi sentimita 5, sauti inapanda desibeli 26, inafika 86. Ghafla yuko juu ya mvua. Mama yule yule, sauti yake ile ile, bila kupiga kelele.

Niliposoma historia ya vifaa vya mikutano nilielewa kwa nini vilitengenezwa vilivyo. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Ed Long na Ron Wickersham walifikia wazo zuri: maiki ikilazwa karibu kabisa na uso wa meza, sauti ya moja kwa moja na ile inayodunda mezani zinafika pamoja badala ya kukorofishana. Kampuni ya Crown ikaziuza kuanzia 1980. Mwaka 1992 Polycom ikatoa SoundStation, ile simu ya mikutano yenye miguu mitatu kama nyota, ambayo mmeiona kwenye filamu hata kama hamjaigusa. Ni kazi safi kabisa. Lakini ilizaliwa katika vyumba vyenye zulia ukuta hadi ukuta, dari ya vigae laini, na madirisha yasiyofunguka. Chumba kilikuwa sehemu ya kifaa, ila hakikuja ndani ya boksi.

Mikutano mikubwa ilishika njia nyingine. Kwenye kesi za Nuremberg, 1945 hadi 1946, lugha nne zilitafsiriwa papo hapo kwa mitambo ya IBM, na kila aliyezungumza alikuwa na maiki mbele yake. Taa ya njano ilimwambia apunguze kasi, nyekundu ilimsimamisha. Maiki karibu, mmoja kwa wakati: hiyo ikawa kawaida ya kumbi za kimataifa, na Nairobi ilijiunga na ulimwengu huo KICC ilipofunguliwa mwaka 1973 na kupokea mkutano wa Benki ya Dunia na IMF. Bunge letu nalo, ambalo vikao vyake vilianza kutangazwa moja kwa moja mwaka 2008, ni mmoja mmoja na maiki mezani. Miaka ya 1970 huko California, Dan Dugan, fundi wa sauti wa majumba ya maigizo, aliliona tatizo kwa namba: kila ukizidisha maiki zilizo wazi mara mbili, kelele inaongezeka desibeli 3. Akatengeneza mtambo unaogawa nguvu kati ya maiki zote, anayezungumza apate karibu yote na jumla isibadilike. Kama mwandishi wa programu nimelipenda wazo hilo kwa wepesi wake. Unaweza kuliandika kwa mistari michache.

Nimeahidi kurudi kwenye vipaza sauti vinavyosikilizana. Kawangware wakizungumza, spika ya Kibera inasema, maiki ya Kibera inasikia, inawarudishia Kawangware maneno yao wenyewe. Mwangwi huo upo tangu simu ilipozaliwa, lakini ulipokuwa unarudi haraka sikio halikuujali. Setilaiti ndizo zilizouleta juu. Early Bird ilipoanza kazi mwaka 1965, ikiwa kilomita 36,000 juu yetu, sauti ilichukua kama robo sekunde kwenda, na mwangwi wako ulikurudia baada ya nusu sekunde. Jaribu kuzungumza huku ukijisikia nusu sekunde nyuma, utanyamaza mwenyewe. Kenya ilifungua kituo chake cha setilaiti Longonot mwaka 1970, na simu nyingi za ng'ambo zikawa na kile kigugumizi ambacho wazee wetu walikikabili kwa kupaza sauti. Bell Labs, miaka ya 1960, walijibu kwa njia inayojifunza: inatabiri mwangwi utakavyokuwa, inautoa kwenye mawimbi, inajisahihisha tena na tena. Man Mohan Sondhi aliieleza mwaka 1967. Nyaya za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS zilipofika Mombasa mwaka 2009, ucheleweshaji wa intaneti yetu ulipungua sana, na Google ilipoweka WebRTC wazi mwaka 2011, kazi ya kufuta mwangwi ikaingia bure ndani ya kivinjari.

Lakini kifuta mwangwi hufanya kazi kwa kudhani. Spika ikiwa karibu sana na maiki, chumba kikiwa na mvumo mrefu, na watu wawili wakizungumza kwa pamoja, anadhani vibaya na anamkata mtu. Juu yake kuna programu ya kuongeza sauti pale panapokuwa kimya, na nyingine ya kuchuja kelele. Tangu 2017, Jean-Marc Valin alipotoa RNNoise, uchujaji huo hufanywa na mitandao ya neva iliyofundishwa kwa rekodi. Hustaajabisha, ila inahitaji sauti iwe juu ya kelele kwa kiasi fulani. Nilisikiliza rekodi ya ile Jumanne. Mvua inasikika kidogo sana, programu imeifuta kwa ustadi. Na mama naye imemfuta pamoja nayo. Zimebaki silabi, kama mtu anayezungumza huku akizibwa mdomo na kuachiwa.

Jibu nililipata si kwa mwuza vifaa bali kwa redio. Koch FM ilipoanza Korogocho mwaka 2006 ilikuwa ndani ya kontena la chuma. Pamoja FM ilianza Kibera mwaka uliofuata, na mapema 2008, mtaa ulipokuwa unaungua baada ya uchaguzi, ilikuwa ikiwasihi watu watulie kwa sauti wanazozijua. Vituo kama hivi havikuwa na kuta za maelfu ya dola. Vilikuwa na maiki, na mdomo ulio vidole vinne kutoka kwenye maiki.

Nikaenda Luthuli Avenue. Nilitaka maiki za sumaku za mkononi, zenye swichi, zinazosikia kwa umbo la moyo, yaani mbele sana na nyuma karibu na bure. Umbo hilo Benjamin Bauer wa Shure alilipata kwa kiwambo kimoja mwaka 1939, na SM58 ya 1966 ndiyo iliyolisambaza kila kanisa na kila jukwaa. Jihadharini, nakala bandia zenye jina hilo ni nyingi. Mimi nilinunua tatu zenye jina nisilolijua ila zisizojifanya kitu kingine, mikisa ndogo yenye waya wa USB, na nyaya zenye pini tatu. Kwa nini si za kapasita? Hizo huhitaji volti 48 kutoka kwenye mikisa, huogopa vumbi, na husikia hadi fundi wa kuchomelea anavyopumua. Spika nikaiweka mbele ya meza, ikitazama migongo ya maiki.

Kawangware kazi ilikuwa ya Sabine. Nilienda Toi na katibu, tukanunua mapazia mazito ya mitumba na zulia nene, tukaongeza kama mita za mraba 10 za umezaji. Mvumo ukashuka hadi sekunde 0.65 hivi. Maiki za shingo ndefu, za umbo la moyo, zinaweza sasa kukaa hata zaidi ya nusu mita kutoka mdomoni bila shida. Vile vifaa vya mviringo tuliuza kwa hasara.

Kilichonishangaza hakikuwa sauti, kilikuwa watu. Vijana walishika maiki kama wasanii wa rapu, kiganja kimefunika wavu wote, na hapo umbo la moyo linakufa, maiki inasikia pande zote na kuanza kupiga mluzi. Wazee waliishika mbali, kama mshumaa. Na akina mama kadhaa hawakutaka kuishika kabisa. Mweka hazina aliniambia wazi: "Mwanangu, hiyo ni ya chifu na wahubiri." Nilielewa. Kwa kizazi chake maiki ilikuwa kitu cha baraza, aliyekuwa nayo alisema na wengine walisikiliza. Ni taifa hili hili ambalo tarehe 1 Agosti 1982 askari walimchukua Leonard Mambo Mbotela nyumbani kwake hadi studio za Sauti ya Kenya ili tu asome tangazo lao, maana bila maiki ile mapinduzi yasingejulikana ni mapinduzi. Nikamwambia, "Mama, hii ina swichi. Ukimaliza unaizima mwenyewe." Akaijaribu mara tatu, akacheka.

Mkurugenzi ndiye aliyelalamika. Ana sauti kubwa, na kwa kifaa cha zamani alikuwa akimkatiza yeyote wakati wowote. Sasa asiyeshika maiki hasikiki ng'ambo. Alisema mikutano imekuwa mizito. Katibu akasema kumbukumbu zimekuwa nyepesi kuandika.

Jumanne ya tatu ya Novemba mvua ilinyesha tangu saa nane mchana. Nilikuwa Kawangware, nimevaa vipokea sauti vya masikioni, nimeomba Mungu. Hoja ya mfuko wa dharura ilikuwa imerudishwa kwenye ajenda. Mweka hazina akaomba nafasi, akaweka maiki vidole vinne, akaanza na idadi ya nyumba zilizoungua, kikundi kwa kikundi, na kiasi kilichotolewa kwa kila moja. Mvua ilisikika nyuma yake kama mtu anayekaanga kitu. Maneno yalisikika yote. Kumbukumbu za siku hiyo zina nusu ukurasa wa maneno yake, pamoja na hesabu. Nusu ya fedha imekubaliwa irudishwe kwenye mfuko. Nusu nyingine bado inabishaniwa. Mimi nimebaki na ngurumo ya stima ya hezi 50 kwenye maiki ya pili ya Kibera, nadhani ni waya wa ardhi wa lile jengo, na Jumamosi naenda kuutafuta.